Nani Anaimba Ndani ya Tangi

Jumanne ya wiki ya kumi ya muhula, asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Siku hiyo hiyo kidato cha tatu kilipoteza sura ya saba. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokuja. Hata sasa nikikumbuka la kwanza nalia, nikikumbuka la pili nacheka, na mara nyingi sijui ni lipi limeanza.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la saba Kitale, mahali ambapo wazazi wangu walikimbilia wakati wa vita, na baada ya hapo nikajifunza kukanda unga. Sasa nauza chai na mandazi ndani ya ua wa shule moja ya sekondari hapa Nyakuron, mjini Juba, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa chumba cha walimu. Mume wangu alifundisha hesabu shule hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa Rejaf lakini alikulia Uganda, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha njia ya mkato: mimi iko, wewe iko, sisi wote iko. Changu ni cha Kitale. Nyumbani tulichanganya na Kiarabu cha Juba tukaelewana vizuri, isipokuwa tulipogombana. Hapo kila mmoja alirudi kwao.

Wanafunzi walimwita Ustaz, kama wanavyowaita walimu wote wa kiume hapa, ila lake walilivuta mpaka likawa wimbo: Ustaaaz! Alikuwa mkweli wa kuchosha. Akikosea jumla ubaoni hafuti kimya kimya. Anageuka, anaomba msamaha darasa zima, ndipo anafuta. Nilishawahi kumwomba amwambie mgeni kwamba sipo nyumbani, akaenda mlangoni akasema, "Yeye iko ndani, lakini amesema hayupo." Kwa hiyo niamini nikikuambia kwamba uongo ninaouandika hapa haukuwa tabia yake. Ulimponyoka.

Mambo yalianza na mtindo wa mwalimu mkuu. Ni mama mwembamba asiyependa kelele, na alitaka watoto wasome vitabu ambavyo hawatafanyia mtihani. Basi kila Ijumaa, baada ya wimbo wa taifa, mwalimu mmoja alipanda kwenye kijukwaa cha saruji na kupendekeza riwaya aliyoipenda kuliko zote. Haisomi. Anaeleza inavyoanza, kwa nini ilimkosesha usingizi, halafu ananyamaza mahali patamu. Mwalimu mkuu anauliza, "Nani anaitaka?" Mikono inahesabiwa. Mwisho wa muhula, mwalimu aliyepata mikono michache kuliko wote anawapikia wenzake asida, ugali wa hapa, mbele ya shule nzima, huku wanafunzi wakimwelekeza namna ya kukoroga.

Ee, walimu walibadilika! Watu wazima waliokuwa wakisinzia chumba cha walimu sasa walisimama pale juu wakiuza riwaya kama wauza nguo wa soko la Konyokonyo. Mwalimu wa bayolojia alipiga magoti. Mwalimu wa Kiingereza, dada mmoja wa Mbale mwenye sauti ya asali, alisimulia mwanzo wa riwaya yake mpaka wasichana wa mbele wakafuta macho, kisha akafunga mdomo na kushuka. Walimfuata hadi chooni wakimwuliza kama yule mama alimwona tena mwanawe.

Mume wangu alikuwa hajawahi kusoma riwaya. Hata moja. Muhula uliotangulia aliisogeza zamu yake mara tatu, mara koo, mara mitihani ya kusahihisha. Muhula huu ulipoanza, mwalimu wa Kiingereza akamwambia kwenye kibanda changu, mbele ya walimu wengine, "Ustaz, zamu yako utatupendekezea nini? Jedwali la kuzidisha?"

"Hilo nalo lina mwisho mzuri," akasema mume wangu. Wakacheka. Yeye hakucheka. Jioni akaniambia Ijumaa atapanda na kusema ukweli, kwamba hajasoma riwaya, na asida atapika.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya wiki ya pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda changu na birika mkononi. Nilimwona akipanda, akakohoa, akaangalia wale watoto wote waliokuwa kimya wakimngojea kwa hamu, maana walimpenda. Akafungua mdomo. Akaangalia juu ya vichwa vyao, kule kwenye matangi mawili ya maji ya shule. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu ikisema:

"Kuna mji mmoja. Huo mji una matangi mawili ya maji. Asubuhi moja watu wanaamka, wanakuta matangi matatu."

Hakuna aliyekohoa.

"Hakuna mtu anajua la tatu limeletwa na nani. Hakuna alama ya gari. Na ndani yake," akayatazama tena yale matangi, "ndani yake kuna mtu anaimba."

Akanyamaza. Baadaye aliniambia alinyamaza kwa sababu hakuwa na kingine, lakini shule nzima ilidhani amenyamazia mahali patamu. Mwalimu mkuu hakuwahi hata kuuliza. Mikono ilipanda yote. Hata mlinzi wa geti alinyoosha wake.

"Inaitwaje, Ustaz?" wakapiga kelele.

"Tangi la Tatu."

"Iko kwa Kiingereza?"

Hapa ndipo nilipoona kwamba mtu mkweli akianza kudanganya anaweza kushangaza. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa pale, na anajua riwaya zote za Kiingereza. Shule haikuwa na mwalimu wa Kiswahili bado. "Kiswahili," akasema mume wangu, haraka. Watoto wetu wengi wamerudi kutoka Uganda na Kenya, Kiswahili wanakisikia. Wakashangilia.

Alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, akaketi juu ya gunia la makaa na shati lake jeupe.

"Mama watoto. Mimi nimefanya nini?"

"Umepata mikono yote."

"Hakuna kitabu!"

"Najua hakuna kitabu. Nani yuko ndani ya tangi?"

Akaniangalia. "Hata wewe?"

Wiki nzima iliyofuata kitabu kilikuwa njiani. Alisema nakala yake iko Gulu kwa ndugu yake, na huyo ndugu kweli yupo, hilo halikuwa uongo. Watoto hawakumwacha. Akiingia darasani, kabla hajaandika tarehe: "Ustaz, kimefika wapi?" Kimetoka Gulu. Kesho yake: kimefika Elegu. Kesho yake: kimekwama mpakani Nimule, kinangoja karatasi. Wakachora barabara yote ya Gulu mpaka Juba ukutani mwa darasa, wakaweka kipande cha karatasi nyekundu kinachosogea. Kidato cha kwanza walikuwa wakija mapumziko kuangalia kitabu kimelala wapi.

Kisha mwanafunzi mmoja akasimama. "Ustaz, usijali. Mjomba wangu ni dereva wa lori. Jumatano anatoka Gulu, Nimule anapita. Nipe namba ya ndugu yako, atakibeba mbele, kwenye kiti."

Mume wangu alikuja kibandani bila kumaliza kipindi. Mkono wake ulikuwa bado na chaki.

"Waambie ukweli sasa," nikamwambia. "Leo ni uongo mdogo."

"Watu wote walinyoosha mikono, mama. Hata mlinzi." Akapangusa chaki kwenye suruali. "Nitawaambia. Ijumaa ya mwisho ya muhula, mimi mwenyewe, pale juu. Ndiyo ahadi. Lakini kwanza nitawapa kitabu, ili niwe mwongo aliyelipa."

Nikamwekea chai. Akanywa yote bila kuipuliza, akarudi darasani akasema kwamba ndugu yake ameogopa, amekirudisha Gulu, kimechakaa, kurasa zinadondoka. Badala yake atakinakili kwa mkono na kutuma sura moja kila wiki kwa basi. Watoto wakaridhika. Karatasi nyekundu ikarudishwa Gulu, na chini yake wakaandika: MGONJWA.

Kwa hiyo tukaanza kuandika. Saa kumi, wanafunzi wakishatoka, nilikuwa nageuza ndoo mbili tunakaa, yeye na daftari la miraba la hesabu, mimi na bakuli la unga, na mandazi ya kesho yakiumuka. Sura ya kwanza aliiandika peke yake. Akanisomea:

"Bibi arusi alikuwa na umri wa miaka 22, kimo mita 1.68, na wazazi 2."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Nini? Ni kweli wazazi iko wawili!"

"Baba watoto, alikuwa anajisikiaje?"

"Nani?"

"Bibi arusi!"

Akafikiri kwa bidii. "Vizuri?"

Ndipo tukagawana kazi. Yeye alitunga kinachotokea na vipimo vyake, mimi nikaweka watu. Watu ninao. Mwanamke anayeuza chai anasikia kila kitu, nani amekimbia posa, mama mkwe gani amerudisha mbuzi, dereva gani wa lori la maji anapiga honi mara mbili kwenye nyumba moja tu. Niliwachukua wote nikawabadilisha nguo. Halafu, kwa sababu wanafunzi wanajua mwandiko wake kutoka kwenye madaftari yao, mimi ndiye niliyenakili kila sura kwenye karatasi safi. Tulijiona wajanja sana.

Ijumaa saa tisa, baada ya kipindi cha mwisho, sura ilisomwa darasani kwa sauti. Msomaji alikuwa msichana mmoja wa kidato cha tatu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nasikiliza dirishani nikijifanya naokota vikombe. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama darasa zima likisema "Aaai!" mahali nilipokusudia waseme "Aaai!" Ilinipanda kichwani. Nilianza kutembea kama mtu mwenye siri nzuri. Niliweka sukari mara mbili kwenye chai ya watu.

Sura ya pili nusura ituue. Mume wangu alikuwa ameandika, kwa fahari, kwamba tangi la tatu lina nusukipenyo cha mita moja na kimo cha mita mbili na nusu, na kwamba kila asubuhi, kuanzia Jumatatu, lori linamimina ndani lita elfu mbili, kwa sababu watu wa mji wanataka kujua kama yule mtu ataacha kuimba. Jumatatu ya shule ujumbe wa watoto sita ulikuja kibandani. Walimkuta anakunywa chai.

"Ustaz, tumepiga hesabu."

"Hesabu gani?"

"Ya tangi. Yule mtu amekufa Alhamisi."

Wakamwekea karatasi. Ujazo wa silinda, umepigwa mara tatu na watu watatu, pai mpaka tarakimu ya nne. Kufika Alhamisi maji yanafurika.

"Na sura inasema Jumamosi bado anaimba," akasema mmoja. "Anaimbaje?"

Mume wangu aliinamia ile karatasi. Nikajua analia kidogo. Alikuwa amewafundisha silinda wiki tatu nzima, na nusu yao walikuwa wakilala.

"Swali zuri sana," akasema. "Ngoja sura ya tatu."

Walipoondoka akaruka. Namaanisha aliruka, mtu wa miaka hamsini na mbili, akagonga kichwa kwenye bati. "Wamefanya silinda! Mimi sikuwaambia! Wamefanya wenyewe!" Kisha akakaa. "Mama, mtu wetu amekufa."

Tulilitoboa tundu lile tangi. Siku mbili tulitafuta tundu liwe wapi na kubwa kiasi gani ili maji yatoke kama yanavyoingia. Mimi niliongeza kwamba chini ya tundu kulikuwa na bustani ya mboga ya mjane mmoja, iliyostawi ghafla na watu hawaelewi kwa nini. Darasa lilipiga makofi kwenye ile bustani. Hiyo ilikuwa yangu.

Baada ya sura ya nne, yule msichana wa kusoma alikuja peke yake wakati wa mapumziko. Akanunua andazi. Hakulila. Akasimama akiangalia ubao wangu mweusi wa mbao ninaoandikia bei: chai, kahawa, mandazi, maharagwe. Kisha akatoa sura ya nne mfukoni na kuinyanyua karibu na ubao.

"Mama," akasema, "k yako inarusha mguu."

Niliangalia. Ni kweli. Kila k niliyowahi kuandika tangu Kitale inarusha mguu wa mwisho mbali kama mtu anayepiga mpira. Ilikuwa pale kwenye kahawa, na ilikuwa pale kwenye karatasi, kurasa nne nzima za mateke.

Ningeweza kukana. Sikukana. Nikamwambia hakuna kitabu, hakijawahi kuwepo, na Ustaz mwenyewe atawaambia wote Ijumaa ya mwisho ya muhula. Nikamwomba amwachie aseme kwa mdomo wake.

Akatafuna andazi polepole, kama hakimu.

"Sitasema," akasema. "Lakini bibi arusi asiolewe na yule mwenye ng'ombe."

"Nini?"

"Yule mzee. Nimeona mnapoelekea. Asiolewe naye. Mpeni dereva wa lori la maji."

"Wewe mtoto, hayo ni maneno ya kunitishia?"

"Si kutishia, mama. Ni maoni ya msomaji." Akalipa, akaenda, akarudi. "Na dereva awe na meno mazuri."

Nilipomweleza mume wangu alishika kichwa. Kisha akauliza, "Meno mazuri ni mangapi?" Tukampa dereva meno. Tukamwondoa mzee wa ng'ombe kwa kumpa safari ya Bor. Wiki iliyofuata yule msichana aliposoma mahali dereva anatabasamu, alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi, akanitazama dirishani, akaendelea kusoma bila hata kukwama. Nilidondosha vikombe viwili.

Nilimwuliza mume wangu mara nyingi nani yuko ndani. Nilimwuliza nikikanda, nilimwuliza akinyoa. Alisema hajui bado. Alisema katika hesabu ukijua jibu kabla, unaanza kudanganya njia. Mimi nilikuwa na wazo langu, yeye alikuwa na lake, na hatukuambiana kwa sababu tulitaka kuona nani atashinda. Jumatatu ya wiki ya kumi alianza sura ya saba. Bibi arusi amekimbia harusi yake mwenyewe, amevaa gauni, anapanda ngazi ya tangi la tatu, ngazi yenye vidato kumi na moja. Mume wangu aliandika mpaka akafika kidato cha tisa. Akafunga daftari, akasema miguu yake inamuuma, atamalizia kesho.

Kesho ndiyo Jumanne. Alianguka akichota maji ya kuoga. Ilikuwa presha. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu asubuhi hiyo, kwa sababu siikumbuki kwa mpangilio.

Tulimzika Rejaf kwa watu wake. Kisha tukakaa bika nyumbani, kama tunavyoita matanga hapa, turubai, mikeka, wanawake ndani na wanaume nje. Siku ya tatu shule nzima ilikuja. Walipita mstari mmoja mbele yangu, kila mtoto akiinama na kunipa mkono. "Pole, mama." "Pole, mama." "Pole sana, mama." Wengi walilia kweli. Nilikuwa kama jiwe. Kijana mmoja mrefu wa kidato cha tatu akaja, akainama, akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, macho yamejaa machozi.

"Pole sana, mama," akasema. Kisha karibu na sikio langu: "Samahani, mama. Ndani ya tangi ni nani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, katikati ya bika, mdomo wazi, mpaka wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Wifi yangu akanifunika kichwa na kitenge akawaambia watu kwamba ni huzuni, imenipanda. Chini ya kile kitenge nilicheka mpaka ikageuka kilio, halafu ikarudi tena.

Wifi ndiye niliyemwambia habari ya ahadi. Ni dada yake mkubwa, mama wa kanisa, na alisikiliza yote bila kunikatiza, hata habari ya meno.

"Na sasa unataka kwenda kuwaambia?"

"Aliahidi. Ijumaa ya mwisho."

"Aliahidi yeye. Yeye hayupo. Wale watoto wanamkumbuka kama mtu mkweli, wewe unakwenda kuwaambia alikuwa mwongo, na hawezi kujitetea?"

Nilikaa na neno lake siku kadhaa. Ningenyamaza, wangeamini hadi uzeeni kwamba kuna riwaya nzuri sana Gulu, na kwamba Ustaz ndiye aliyewaambia. Hakuna ambaye angeumia. Ila nilimwona akigeuka kutoka ubaoni, chaki mkononi, akiomba msamaha kwa ajili ya namba tano iliyopaswa kuwa sita. Mtu huyo hangependa nimwachie kosa ubaoni.

Ijumaa ya mwisho nilivaa nguo nyeusi nikaenda. Wifi alikuja nami. Alisema anakuja kunizuia, lakini njia nzima hakunizuia. Mwalimu mkuu nilikuwa nimemweleza mapema. Alivua miwani akaipangusa, kisha akasema nafasi ya kwanza ni yangu, kabla ya mwalimu wa fizikia ambaye ndiye alikuwa na zamu.

Kijukwaa kile ni kirefu kuliko kinavyoonekana ukiwa chini na birika. Niliwaona wote. Niliwaambia hivi, kwa kifupi, kwa sababu sijui kuhutubia:

"Hakuna kitabu Gulu. Hakikuwahi kuwepo. Ustaz hakuwa amesoma riwaya hata moja. Aliona matangi yenu, maneno yakamtoka. Sura zote sita tuliziandika kwenye kibanda changu, na mwandiko ni wangu, kwa hiyo na mimi niliwadanganya. Aliahidi kuwaambia leo. Nimemletea ahadi yake."

Yule msichana wa kusoma alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nyuma yake nikaona wachache wakitazamana kwa namna iliyonifanya nishuku kwamba maoni ya wasomaji hayakuwa ya mtu mmoja.

Kijana mrefu akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Ustaz alitudanganya?"

"Ndiyo."

"Na silinda?"

"Silinda ilikuwa kweli."

Akafikiri. Uso wake ulikuwa umekasirika, nami sikumlaumu. "Na ndani ya tangi ni nani?"

"Sijui," nikasema. "Hakuniambia. Nina kurasa tatu za mwisho. Zinaishia kwenye ngazi."

"Zisome!" Sauti ilitoka kidato cha kwanza, kisha kila mahali. "Zisome, mama! Zisome!"

Nikatoa daftari la miraba nikasoma. Gauni, umati, vumbi, ngazi. Kidato cha kwanza, cha pili. Kufika cha nne walikuwa wakihesabu pamoja nami, wote, walimu nao, sauti ikipanda. Cha saba. Cha nane. Cha tisa. Nikafunga daftari, nikawaonyesha kwamba ndipo kalamu ilipoishia. Wakatoa sauti moja, "Aaaaai!" kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia dirishani, na mara wakaanza kubishana, ni bwana harusi wa zamani, ni mama yake, ni redio, hakuna mtu kabisa, ni upepo kwenye lile tundu. Kijana mrefu alikuwa amemgeukia jirani yake akimwonyesha kwa vidole kwamba upepo hauwezi, tundu ni dogo. Wifi yangu, pale chini, alimwambia mpishi wa shule kwa sauti ya kanisani kwamba bila shaka ni yule mjane wa bustani.

Mwalimu mkuu alipiga kengele mara mbili. Nikashuka. Mwalimu wa fizikia akapanda, mtu mnene, kitabu kwapani, akingoja watulie. Hawakutulia.

"Mimi," akasema, "riwaya yangu ipo!"

Vicheko. Akakinyanyua juu ya kichwa.

"Ipo kweli! Ina kurasa! Tazameni!"

"Fungua!" wakapiga kelele. Akafungua. "Nyingine!" Akafungua nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka.

Ndipo kijana mrefu akatoka kwenye mstari bila ruhusa. Akatembea mpaka kwenye kijukwaa, akanyoosha mkono, na mwalimu wa fizikia akampa kitabu. Akatazama jalada, mbele na nyuma. Akasoma mstari wa kwanza akisogeza midomo. Akaruka hadi ukurasa wa mwisho, akautazama kwa makini, akakifunga. Kisha akaigeukia shule nzima.

"Kipo," akasema.